Baruti ya Lumbesa

Watu wanaosema gobore ni bunduki ya bahati nasibu hawajawahi kushindilia gobore. Nianze na hilo, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu, mimi niliyeishia darasa la pili. Nimelisikia neno hilo ofisini, nimelisikia mnadani Dongobesh, nimelisikia hata nje ya kanisa, tena kutoka kwa watu wasiojua hata baruti inaingilia upande gani. "Aa, gobore! Ukipiga, Mungu ndiye anajua inakokwenda." Mungu ana kazi nyingi. Inakokwenda nilitakiwa kuijua mimi niliyeipakia.

Shamba langu liko Tlawi, limegusana na msitu. Sikurithi hata hatua moja ya shamba lile. Nililinunua kipande kwa kipande kwa jasho la mashamba makubwa ya ngano kule Hanang, ambako nilikuwa kibarua wa kupaka grisi matrekta. Wenzangu mwisho wa msimu walikuwa wanashuka Katesh kununua viatu na redio. Mimi nilikuwa narudi nyumbani na fedha yangu kwenye soksi, nanunua ardhi. Leo kijana aliyekuja na begi na cheti ananiita "mmiliki wa umri mkubwa" kwenye barua. Nitafika kwenye barua.

Gobore langu lina leseni. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku hizi ukitaja gobore watu wanakuangalia kama jangili. Nimelisajili, nalilipia, polisi wanalijua kama wanavyoijua sura yangu. Kazi yake ni moja: nguruwe pori. Mahindi yakishaanza kubeba, nguruwe wanatoka msituni alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala, wanakula mstari mzima kama watu waliokodishwa. Hawali wakashiba wakaondoka. Wanaangusha, wanauma kidogo, wanaangusha lingine. Mtu aliyelima kwa mikono akiona hivyo anaweza kulia.

Sasa gobore haliji na risasi zilizotengenezwa kiwandani, kila moja sawa na mwenzake. Risasi yake unaitengeneza wewe, mlio mmoja mmoja. Ndiyo maana wavivu wanasema ni bahati. Wao wanamimina baruti kwa jicho, wanatia vipande vya nondo, misumari, hata kokoto, wanashindilia kwa haraka na nguruwe ameshaingia, halafu wanashangaa. Mimi napima nyumbani, mezani, mchana, jiko likiwa mbali nje. Kipimo changu ni ncha ya pembe ya mbuzi niliyoikata na kuisugua mwenyewe. Naijaza baruti, naimimina kwenye kipande cha mwanzi, naziba kwa kipande cha gunzi. Kila mwanzi ni mlio mmoja. Vizibo vya kushindilia juu ya baruti nasokota kwa katani, vyote unene mmoja. Na badala ya nondo natumia gololi za chuma nilizotoa kwenye bearing za matrekta, zile zilizokuwa zinatupwa. Zinafanana kama mbegu za mti mmoja. Hakuna mwingine kijijini mwenye gololi kama hizo. Nilikuwa najivunia hilo, na hilo ndilo lililokuja kunikamata.

Mwaka jana mahindi yakiwa bado mabichi, nguruwe waliingia asubuhi tatu mfululizo. Waliingilia kona ya juu, pale shamba linapopakana na korongo. Ni kona yenye udongo bora kuliko pote, mweusi, unaoshika maji. Asubuhi ya nne niliwasubiri. Nilisimama juu, mdomo wa mtutu ukiangalia korongoni, kama nilivyofanya miaka yote. Risasi ikikosa nguruwe inaingia kwenye ukingo wa udongo wa ng'ambo. Ndivyo nilivyojua. Nikaona mgongo mweusi unasogea kwenye ukungu, nikapiga.

Bunduki ilinisukuma bega kama dume la ng'ombe. Nguruwe akakimbia mzima. Halafu nikasikia kitu huko chini, ng'ambo ya korongo, mlio mfupi wa kitu kilicho kitupu ndani. Sikuujali.

Nilikuwa nayasimamisha mahindi yaliyoangushwa, sijamaliza hata mstari mmoja, nikamwona mtendaji wa kijiji anapanda mlima mbio, koti la suti juu, kandambili chini. Huyu ni kijana aliyeletwa na serikali kutoka mkoa mwingine. Amepanga nyumba ng'ambo ya korongo, na nyuma ya nyumba amesimamisha tenki jeusi la maji juu ya magogo.

"Mzee! Mzee, umeniua!"

"Umekufa na unapanda mlima?"

"Umetoboa tenki langu!"

"Kwanza salamu."

"Salamu gani mzee, maji yanamwagika!"

Mimi ni mkubwa kwa baba yake. Kijijini kwetu hata mtoto aliyeumwa na nyoka anakuamkia kwanza ndipo aseme ameumwa. Lakini huyu hakuniamkia, na kabla sijalijua kosa langu nilikuwa nimeshalishika la kwake. Nikashuka naye nimekasirika kuliko yeye.

Kweli tenki lilikuwa na tundu, na maji yalikuwa yanatoka kama ng'ombe anayekojoa. Mtendaji akaweka kidole kuziba, akawa amesimama pale na koti lake limelowa hadi kwapani.

"Hii ni risasi yako, mzee."

"Risasi yangu iko kwenye ukingo wa korongo. Nenda kachimbe utaikuta."

"Basi hili tundu limetobolewa na nini? Panya?"

"Panya wa huku wakubwa," nikamwambia. "Wewe mgeni hujawaona."

Alitoa kidole, maji yakaisha, tukalilaza tenki chini. Kitu kikagongagonga humo ndani, kikaviringika hadi mdomoni, kikaanguka kwenye majani. Gololi. Inang'aa. Ya trekta.

Niliiokota, ila sikukubali. Nataka mnielewe hapo. Nilijua gololi ni yangu, hakuna mwingine mwenye gololi kama zile, lakini moyoni nilikuwa nasema: mimi nimefanya kila kitu kama siku zote, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa langu. Ni baruti ya siku hizi. Ni ukungu. Ni yeye aliyeweka tenki juu ya magogo marefu kama mnara. Nikaliziba tenki mchana ule ule kwa plastiki ya kuyeyusha, na halijavuja mpaka leo, lakini neno la pole halikunitoka. Nililimeza.

Yeye hakuishia kwenye tenki. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasoma barua aliyowaandikia polisi. Aliisoma taratibu, kama padri anayesoma matangazo ya ndoa. Kwamba kijijini iko "silaha isiyotabirika". Kwamba "mmiliki wa umri mkubwa hana udhibiti nayo". Kwamba anaomba leseni isihuishwe na silaha ichukuliwe. Watu niliowasaidia mbegu, watu ambao mashamba yao nguruwe hawafiki kwa sababu wanakutana na mimi kwanza, walikaa wameinamisha vichwa. Mmoja alikohoa. Ndiyo msaada nilioupata, kikohozi.

Nikasimama. "Bunduki haina akili ya kutabirika au kutotabirika," nikasema. "Njooni muione ikipiga."

"Ndicho nilichoomba," akasema mtendaji. "Askari wa silaha anakuja baada ya wiki mbili. Utapiga mara tatu mbele yake. Zikienda unapoelekeza, sawa. Zisipokwenda, mzee, utalima vitunguu saumu, nguruwe hawavigusi."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Bila bunduki, nusu ya mahindi yangu ni ya nguruwe, na nusu iliyobaki haifiki mavuno mengine. Kila mtu pale ndani alilijua hilo, na bado walicheka.

Nikaenda korongoni nikasimamisha ubao wa mgrevilea, nikarudi hatua arobaini. Safari hii niliupa mgongo mtaa wa mtendaji, nikaelekea kilima. Nilichukua mianzi iliyokwisha kupimwa nikapiga. Ya kwanza ikapita chini ya ubao. Ya pili katikati kabisa, nikasema naam. Ya tatu sikuiona ilikokwenda. Ubao ulikuwa umesimama unaniangalia. Kesho yake tena. Moja juu, moja chini, moja pembeni. Bunduki ile ile, gololi zile zile, vizibo vile vile, macho yale yale. Nilitukana baruti. Nilimtukana aliyeniuzia. Nilifungua nati ya jicho la kulengea nikaifunga tena, nikazidi kuharibu. Siku ya nne nilirudi nyumbani sisemi na mtu, nikatupa kofia kwenye benchi.

Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Huyu ndiye niliyelima naye tangu tukiwa na jembe moja, mmoja akilima mwingine anapumzika. Aliniona nashindwa kuvua sweta. Akaweka ungo chini, akanivua yeye, akachemsha maji akaanza kunikanda bega kwa kitambaa.

"Baba, bega la leo ni bega la tenki."

"Bega la tenki ndiyo lipi?"

"Siku ile ya tenki lilivimba hivi hivi. Jumapili ulipima umetoka kanisani, ulipopiga halikuvimba. Jana ulipima umetoka kugombana na yule wa barua, leo limevimba."

"Kwa hiyo nipige nimeshika Biblia?"

"Sijasema hivyo. Nasema bunduki inakupiga kwa nguvu siku nyingine, na siku nyingine inakupiga kidogo. Ni bunduki moja. Nani anaibadilisha?"

"Baruti mbovu."

"Baruti yote imetoka kwenye kibuyu kimoja. Kaa hapo mezani upime, nikuone."

Nilikataa. Miaka yote hiyo napima, leo nipime nikaguliwe na mchambua maharage? Akaendelea kukanda bila kujibu, na kila akinyamaza bega linauma zaidi. Mwisho nikakaa.

Nikajaza pembe, nikaigonga mezani mara mbili baruti ilale, nikapitisha mgongo wa kisu juu ya mdomo wa pembe ili iwe sawa. Nikamimina kwenye mwanzi. Nikapima ya pili, vilevile. Yeye amesimama nyuma yangu amekunja mikono.

"Umeona?" nikamwambia. "Kuna kosa gani hapo?"

"Hakuna," akasema. "Hivi nilikwambia yule mnunuzi wa viazi kapita juzi?"

"Yupi?"

"Yule wa Dongobesh mwenye fuso. Anasema mwaka huu gunia ni lile lile, na kofia yake juu."

Asiyelima viazi hatajua tusi hilo. Gunia linajaa, halafu mnunuzi anashona kamba juu ya mdomo, anaendelea kujaza mpaka linakuwa na kichwa kama mtu. Hiyo ndiyo lumbesa. Unauza gunia na robo, unalipwa gunia. Serikali imekataza, mnunuzi anacheka.

"Lumbesa tena?" nikasema. "Si alisema imekwisha?"

"Anasema utauza tu. Anasema wazee wa Tlawi wanalalamika asubuhi, jioni wanapakia."

"Amesema hivyo? Hapa kwangu?"

"Hapo hapo mlangoni. Tena amekunywa na uji wangu. Endelea kupima, Baba, usiache kazi."

Nikaendelea kupima huku naongea. Nilimwambia kila nilichotaka kumfanyia yule mnunuzi na fuso lake, gurudumu kwa gurudumu. Nikajaza pembe, nikaipeleka kwenye mwanzi, na mkono wa mke wangu ukanishika.

"Ngoja."

Akachukua kisu, akapitisha mgongo wake juu ya pembe. Kilima cheusi kikaanguka mezani. Kilikuwa kingi. Kilikuwa karibu robo ya kipimo.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Baruti."

"Nani kaiweka?"

Nikaanza kuikusanya kwa kiganja.

"Ukikasirika unawapimia nguruwe lumbesa," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Nilimuuliza kama yule mnunuzi alipita kweli. Hakupita. Alimtunga pale pale, na uji aliomnywesha aliutunga.

Nilikaa mezani muda mrefu nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Mama yangu alitufundisha kwamba jirani akija kuomba unga, unajaza bakuli mpaka linafanya mlima. Bakuli la sawasawa ni tusi. Unamwambia jirani kwamba unahesabu. Mkono wangu ulijifunza mlima ule kabla haujajua bunduki. Kwa wanunuzi nilijikaza nikajifunza kupima sawasawa, kwa sababu wale nawaangalia. Lakini nikiwa nimewaka, siuangalii mkono. Unarudi kwa mama yangu. Unamjazia nguruwe bakuli.

Nikafungua mianzi yote niliyokuwa nimeiweka tayari, nikairudisha baruti kwenye pembe, mmoja mmoja. Mingi ilikuwa na mlima. Mingine mdogo, mingine mkubwa, kulingana na siku niliyopima, na nilizikumbuka siku zenyewe: huu ni baada ya nguruwe, huu ni baada ya mkutano, huu ni baada ya kwenda polisi nikaambiwa bosi ametoka. Hasira zangu za msimu mzima zilikuwa zimepangwa pale kwenye mianzi, zimezibwa kwa magunzi. Na baruti ikizidi, risasi inapanda. Hakuna mchawi hapo. Ilipanda ikavuka ukingo wa korongo. Siku ile ingevuka kidogo kushoto, ingeingia dirishani kwa kijana wa watu.

Nilianza upya. Kila pembe nagonga mara mbili, napitisha kisu, hata nikiwa nimetulia, hata nikiwa nimetoka kusali. Na kwa sababu sikuuamini tena mkono wangu, nilichonga alama kwenye mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia. Baruti ikiwa sawa, ufito ukiushusha mpaka uiguse, alama inalingana na mdomo wa mtutu. Ikizidi, alama inabaki juu. Ufito hauna hasira. Nikarudi korongoni na ubao. Milio mitatu, na kiganja kimoja kikafunika matundu yote.

"Utamwambia mtendaji?" mke wangu akaniuliza.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni wewe."

"Tenki nimeshaliziba."

Akaniangalia. Nikatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Siku ya askari watu walijaa korongoni kama kuna mnada. Walimu walikuja, wamama wa kwaya walikuja, hata wasiopanda mlima kwa ajili ya msiba siku hiyo walipanda. Askari alikuwa mtu mzima, mpole, ametoka mkoa mwingine naye, lakini alinipa shikamoo yangu kabla hajagusa kitu. Alikagua leseni, akakagua mtutu, akakagua fataki za kuwashia baruti. Nikamtolea mianzi yangu mitatu.

"Hizi ni nini, mzee?"

"Vipimo. Nimepima nyumbani."

"Vya nyumbani sivijui. Nataka upime hapa, nione."

Mtendaji akatabasamu. Nikaomba kigoda, nikakaa, nikapima nikiwa nimezungukwa na kijiji kizima, pua zao zinanipumulia shingoni. Nikagonga mara mbili, nikapitisha kisu. Nikashindilia, nikapiga kuelekea kilima. Tundu katikati ya ubao. Watu wakanung'unika. Nikapima ya pili, nikapiga. Tundu jirani na mwenzake, vidole viwili tu katikati yao.

"Mzee leo ameombewa," mtendaji akasema kwa sauti. "Jamani, ya tatu angalieni matenki yenu!"

Walicheka wote. Hata wamama wa kwaya, ambao mahindi yao nayalinda mimi. Na mtendaji akaongeza, mambo yale ya barua: "Umri nao. Mkono wa mzee si mkono wa kijana."

Nilisikia masikio yanapata moto. Nikapima, nikamimina kwenye mtutu. Nikashusha ufito uguse baruti. Alama ikabaki juu ya mdomo wa mtutu, upana wa kidole kizima.

Hakuna aliyejua maana ya alama ile ila mimi na mtu mmoja aliyesimama nyuma ya wamama wa kwaya amejifunga kanga. Nilikuwa na njia mbili. Nikipiga hivyo, gololi inapita juu ya ubao, leseni imekwenda, na nguruwe wanakula bila wasiwasi. Nikiinamisha mtutu nikamwaga baruti, kijiji kizima kinaona mzee hajui kupima. Nawaambieni ukweli: nilifikiria kupiga kwa kushusha shabaha kidogo. Nilifikiria kudanganya. Labda ingepata ubao.

Nikainamisha mtutu, nikaugonga, baruti ikamwagika kwenye majani.

"Si mnaona!" mtendaji akapiga makofi. "Afande, umeona? Hata kupima hajui!"

"Najua!" nikasema, na sauti yangu ilinishinda, ikapanda mpaka ng'ambo. "Najua, na nimezidisha! Nimezidisha kwa sababu umenikasirisha, kijana, na nikikasirika nazidisha! Na ile iliyotoboa tenki lako nilizidisha hivi hivi! Ni mimi! Si bunduki, si ukungu, si umri! Ni mimi, na pole yako ya tenki ndiyo hii, ichukue!"

Ilikuwa pole ya kugombana, lakini ilikuwa pole. Askari akachukua ule ufito, akauangalia, akaigusa alama kwa kucha.

"Hii umechonga wewe?"

"Mimi."

"Ikibaki juu maana yake baruti imezidi?"

"Ndiyo, afande."

"Pima tena, mzee. Na nyinyi mnaocheka, sogeeni nyuma hatua kumi."

Nikapima. Nilipitisha kisu mara mbili, ya pili haikuwa na kazi. Alama ikalingana. Nikashindilia, nikapiga. Askari alikwenda mwenyewe kwenye ubao, akaweka kiganja chake juu ya matundu. Hayakuonekana.

"Lakini afande, amekiri!" mtendaji akasema. "Amekiri mwenyewe mbele ya watu!"

"Nimesikia," askari akasema, akakaa kwenye kigoda changu akaandika. Leseni ilibaki. Lakini chini ya karatasi aliandika mstari mwingine, akanisomea taratibu kwa sababu aliona nasoma kwa kidole: kuanzia leo haruhusiwi kupiga kuelekea korongoni. Anapiga kuelekea kilima tu.

"Afande, nguruwe wanaingilia hapo hapo korongoni! Kona ile ndiyo yenye udongo!"

"Ng'ambo kuna nyumba, mzee. Hata ukipima vizuri."

"Nyumba imelikuta shamba langu hapa."

"Na wewe leo umetuambia ukikasirika unazidisha."

Niliweka dole gumba, na hilo liliniudhi kuliko barua.

Wiki iliyofuata, alfajiri, waliingia. Jike na watoto wake, mstari mmoja nyuma ya mwingine, kupitia kona ya korongo, kana kwamba nao walisomewa ile karatasi. Nilikuwa nimesimama juu yao, hatua zisizofika ishirini. Bunduki ilikuwa mkononi, imepimwa sawasawa, imeshindiliwa sawasawa, alama imelingana. Sijawahi kuwa na mlio wa uhakika kama ule maishani mwangu. Na nyuma ya mgongo wa yule jike, ng'ambo, nililiona tenki jeusi juu ya magogo, na moshi wa mtu anayechemsha chai.

Nikaiegemeza bunduki kwenye mti nikaokota mawe. Niliwatupia nguruwe mawe kama mchunga mbuzi, huku nawatukana, nawatukana wao na mama yao, na mke wangu akatokea upande wa pili anapiga debe kwa mwiko. Walikula kona nzima kabla hawajaamua kuondoka, na waliondoka wakitembea.